Mama Vifungo, Raia kwa Miezi Mitano

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mama Vifungo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 ng'ambo ya mpaka, mtoto pekee wa mama aliyekuwa akifua mashuka hospitalini. Mimi ni wifi yake. Nimepewa kazi hii ya kusoma wasifu wake kwa sababu eti silii hovyo. Haya.

Alisoma hukohuko kwao, akamaliza darasa la saba mwaka 1993, kisha akajifunza ushonaji. Mwaka 2001 alivuka kuja kushona sare za shule kwenye chumba cha nyuma ya stendi. Jina alilipata hapo. Hakuweza kuongea na mtu ambaye kifungo chake kinaning'inia. Alichomoa sindano kwenye ukosi wake, akakushika shati: "Tulia, nisije nikakuchoma."

Alifunga ndoa na kaka yangu tarehe 9 Oktoba 2004. Hapa kaka ameniomba nisifiche kitu. Marehemu alimzidi miaka miwili, na kaka, kwa kuogopa maneno yetu, aliandika kwenye fomu ya ndoa kwamba bibi harusi alizaliwa 1983. Bibi harusi akasaini huku anacheka. Jamani, kwani sisi tungesema nini?

Alipoomba uraia mwaka 2008, cheti cha ndoa na cha kuzaliwa havikulingana. Faili likakwama miaka kumi na tano. Kaka alizunguka ofisi zote, nenda rudi, na kila dirisha lilimtuma kwenye lingine. Pasi ya zamani ya marehemu ilishakwisha muda. Akitoka nchini, hakuna aliyeweza kumhakikishia kwamba angeruhusiwa kurudi kwa wanawe. Mama yake naye, mguu haumruhusu safari. Kila Jumapili walipigiana simu.

"Unakuja lini, mwanangu?"

"Karibu, mama. Bado karatasi."

Hatimaye kiapo cha kaka cha kusahihisha mwaka ule kilikubaliwa. Siku ya usaili wa mwisho, kifungo cha ofisa kilikuwa kinaning'inia. Wifi yangu akashindwa kujizuia, akaomba ruhusa, akakishona palepale.

"Mama, hii si rushwa?" ofisa akauliza.

"Hapana, baba. Macho yangu ndiyo yanateseka."

Chumba kizima kilicheka, kaka peke yake akatoka jasho.

Alikula kiapo tarehe 6 Juni 2023. Pasi mpya ilitoka Julai, tukamkatia tiketi ya basi ya tarehe 19 Agosti. Alimshonea mama yake gauni kwa kukisia vipimo, akalifumua mara mbili. Tarehe 11 Agosti tumbo lilimbana, akalazwa. Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilishasambaa. Daktari alimkataza katakata kusafiri. Kaka alipokuwa akijilaumu kando ya kitanda, marehemu alimwambia, "Baba watoto, basi. Na mimi nilisaini." Alifariki tarehe 2 Novemba 2023, saa tatu asubuhi. Inauma. Sina neno lingine.

Ameacha mume, binti mmoja, mwana mmoja, mawifi na mashemeji, na mama mzazi, ambaye hawakuonana tangu mwaka wa harusi, miaka kumi na tisa. Mama yuko kwenye simu hii niliyoishika, anatusikiliza.

Mama, shikamoo. Mwanao tuko naye hapa, hayuko peke yake. Gauni lako nitalileta mimi mwenyewe. Tusamehe.

Mungu ampokee wifi yangu, ampe utulivu.