Kopo la Ua Mapajani

Kama Isidori angejua, angetembea kwa miguu hadi Mshangano. Lakini alikuwa anakwenda kujitambulisha ukweni, suruali yake ya kijivu imenyooshwa pasi mpaka mkunjo unakata kama wembe, akaona apande bajaji. Akaketi katikati ya wanawake wawili wasiofahamiana. Mkubwa wao, Mama Kunegunda, akampakatisha bila kumuuliza kopo la rangi lenye ua la ndani, lile la majani marefu kama mkonge.

"Linaoza, na kila nikinywa chai nalo nalinywesha maji," alilalamika mama.

"Wallahi unaliua, mama," akadakia Halima, yule wa upande wa pili. "Hilo ni maji mara moja kwa wiki mbili. Halitaki kubembelezwa."

"Wiki mbili! Hata mgeni nisiyempenda simlazi na kiu."

"Mgeni ana mdomo wa kusema ameshiba. Angalau umelitoboa chini?"

"Leo asubuhi. Matundu saba."

Isidori akalitazama kopo kwa makini kwa mara ya kwanza. Alikuwa amechelewa. Mama Kunegunda alishafungua chupa yake ya maji na kuimimina yote, kwa hasira ya mtu aliyeitwa muuaji.

"Umeona?" alisema Halima, macho kwenye suruali ya kijana. "Limeshiba."

Bajaji ikasimama. Getini mashangazi wa mchumba walikuwa wameshajipanga, vigelegele vimeanza. Isidori hakushuka. Alilikumbatia kopo kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, "unaniuzia shilingi ngapi?"