Herode wa Ukuta wa Mudaka

Sogeeni karibu, watoto wangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Colombe, nishike mgongo. Patrice, toka hapo dirishani. Maneno mengi ni yako.

Mnajua kazi yangu: vibao vya saluni, vibao vya buvette za pombe, watakatifu wa makanisani, mpaka Bagira nzima ikaniita Papa Anaclet wa rangi. Théodore naye mnamjua, yule mwenye watu wa bunduki kwenye machimbo ya dhahabu ya Walungu. Kila mchimbaji humkatia sehemu ya alichopata, na anayekataa haonekani tena. Mdogo wangu Akonkwa alikataa, wakamfukia shimoni akiwa hai. Kisha Théodore huyo huyo akaja kwenye matanga na makreti ya bia, watu wakampisha kiti cha mbele, wakamshukuru. Mpaka leo inanichoma.

Ndiye aliyeezeka kikanisa cha kule Mudaka kwa mabati mapya, halafu akaniita. "Papa, unichore kwa ukuta," akasema, "niko kati ya bale bafalme balileteaka Mutoto Yesu zawadi." Nikamjibu, "Utakuwa mufalme, patron."

Nikamchora awe Herode, yule mfalme aliyeua watoto. Uso wake, kovu lake, saa yake ya dhahabu, na chini yake askari wakifukia wachimbaji, Akonkwa wa kwanza.

Jumapili wakaondoa kitambaa nilichofunikia ukuta. Delphine, mjane wa Akonkwa, alitembea hadi ukutani, akaweka kiganja kwenye shavu la mume wake, akalia vile ambavyo hakuthubutu kulia kwenye matanga. Wajane wengine wakamfuata, kila mmoja akitaja jina la mumewe. Théodore akatoka kwa mlango wa nyuma. Bunduki zote zile, na akakimbia wanawake wanaolia!

Wiki ile watu wake wakanikamata njiani, wakanipiga kwa vitako vya bunduki mpaka figo zikaharibika, ndiyo maana mnaniona nimelala hivi. Kwao nilitegemea hilo. Lako, Patrice, sikulitegemea. Nikiwa bado hospitali ulibeba ndoo ya chokaa ukaenda kumfuta baba yako mdogo, eti, "Papa, niliwaza batoto." Na Akonkwa hakuwa na watoto? Wale walimzika mara ya kwanza. Mara ya pili umemzika wewe, mtu wa damu yake, mchana kweupe, bila hata kushikiwa bunduki.

Sasa mnisikilize. Nyumba ni ya mama yenu, asiiguse mtu. Brashi na rangi ni za Colombe, na asiambiwe kwamba hii si kazi ya mwanamke. Théodore asikanyage matanga yangu. Bia yake, maua yake, hata jeneza akileta, mrudishe barabarani.

Patrice, mkishanizika, nenda Mudaka. Rangi yangu ni ya mafuta, chokaa inabanduka kwa maji na brashi ngumu. Nenda mchana, watu wakikuona, na Delphine awe pembeni yako. Ukiogopa, ogopa, lakini bandua.

Maji, Colombe... kidogo. Basi. Mungu awalinde nyote, awape... macho yasiyoinama. Wewe pia, Patrice. Leta kichwa. Mkono wangu hauinuki... uinue wewe, uuweke. Hapo. Nimekubariki.