Kifungue Nione

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mkuu wa Shule, wajumbe wa bodi, wazazi na walezi mliotoka Nanyala, Mlowo na hata Galula kwa bodaboda na vumbi lake, wageni waalikwa, nanyi wahitimu wetu wa kidato cha sita: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa niwaage wahitimu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa fasihi, narudi hapa kila Alhamisi kusoma nao hadithi, na mwalimu mzee akipewa kipaza sauti hufundisha. Nivumilieni.

Mwaka huu tulisoma hadithi fupi iitwayo "Nyama ya Dirishani". Hezron, kibarua wa migodini ng'ambo ya mpaka wetu enzi za ukoloni, ananunua nyama kwenye bucha la Mzungu. Kwa kuwa ni mweusi haruhusiwi kuingia. Anasimama nje, kwenye kidirisha cha ukutani, analipa na kupokea kifurushi kilichokwisha kufungwa. Siku moja anakirudisha dirishani na kusema: "Kifungue nione." Hadithi inaishia hapo.

Darasa lilicheka. Josephat, yule mrefu wa safu ya pili, akasema: "Mwalimu, huyu ni msumbufu tu, kama babu yangu! Tukienda dukani Mlowo, hata pakiti ya sukari anataka ifunguliwe. Wanamwita Mzee Fungua. Siku hizi siongozani naye, naona aibu."

Je, Josephat hakujua kusoma? Alijua sana. Maneno yote aliyaona, ila hakuona yalisemwa enzi gani. Nikamwambia, "Kamuulize babu yako nyama ilinunuliwaje huko migodini."

Babu huyo ni Mzee Watson, aliyeketi hapa mbele. Ujanani alivuka mpaka kwenda migodini, kama vijana wengi wa Mbozi. Alhamisi iliyofuata Josephat alirudi bila mzaha, akatusimulia alivyoambiwa: "Mjukuu wangu, pale dirishani ulikuwa huoni kisu wala mzani. Unalipia nyama, ukifika nyumbani unakuta mifupa na mafuta. Ukiuliza, unafukuzwa, na kesho huna kazi. Tulikula hivyo hivyo, mpaka watu waliposusia maduka yale."

Tukausoma tena ule mstari wa Hezron. Safari hii hakucheka mtu. Conjesta, mwenzake darasani, ndiye aliyeshtuka: "Kumbe hapo Hezron anaweka kibarua chake rehani!"

Naam, binti yangu. Katika hadithi ile hakuna tusi hata moja. Ubaguzi wote umo ndani ya karatasi ya kufungia nyama, na asiyejua historia ataiona karatasi tu. Ndiyo maana nawasihi, wahitimu: kabla hamjamcheka mtu, awe wa kitabuni au wa nyumbani kwenu, ulizeni kwanza alikuwa amesimama wapi.

Juzi niliwakuta Mlowo, mzee na mjukuu wake, wameongozana. Muuzaji alikuwa ananung'unika: "Jamani mzee, sukari ni sukari!"

"Ifungue, kaka," Josephat akamwambia. "Tunalipa, ila babu anaona kwanza."

Mzee Watson akachungulia, akaonja punje mbili, akatangaza, "Haya, ni sukari kweli." Duka zima likacheka, naye akacheka kuliko wote.

Sasa nimalize. Wahitimu wamemnunulia Mzee Watson zawadi ya blanketi, kwa shukrani ya somo alilotupa. Wenzake Josephat walileta karatasi ya maua na utepe mwekundu vya kulifungia, yeye akavikataa. Nami nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio muda wote huu.

Mzee wetu, inuka, mjukuu wako anakuletea blanketi. Limekunjuliwa. Likague pande zote mbili, hata pindo, sisi tutasubiri.