Rafadha ya Mzee Kilonzo

Aliyemwambia Nthambi kwanza habari za ndege ni wifi yake Nthoki, siku walipokuwa wakianika nguo nyuma ya nyumba, mtaani Ziwani. "Baba aliunda ndege, mwenzangu. Ya mabawa mawili, moja juu ya lingine, inayopinduka angani miguu juu. Ila usimtajie, mtakula sahani moja; habari hiyo humpandisha hasira."

Nthambi hakumtajia. Mkamwana haingii chumbani kwa baba mkwe, kwa hiyo jioni ile Mzee Kilonzo alipowaita wanawe kitandani, yeye alisimama nje ya pazia, mtoto wake Ndindi mgongoni, akasikiliza.

"Sikilizeni, wanangu, maana pumzi hii ni ya kukopa. Nyumba ni ya baraza la jiji, msiigombanie. Shamba la Kangundo mgawane sawa, na randa zangu apewe Nthoki, anajua kunoa. Sasa habari za yule Wanyoike. Ile ndege tuliiunda sisi wawili kule mtaa wa Baba Dogo, yeye akaleta injini, mimi nikachonga mbavu zote za mabawa, na mkono huu ndio uliopaka herufi za usajili. Ndege ya majaribio haina kiwanda, kwa hiyo ofisi ya usajili wa ndege huuliza ni nani aliyeiunda. Akaandika jina lake peke yake. Siku ya kuirusha mara ya kwanza, wageni walipouliza mimi ni nani, akacheka: 'Huyu? Huyu hufagia.' Nikashika ufagio, wanangu. Mbele ya watu, nikafagia.

"Juzi alitua vibaya akavunja rafadha, ile mbao inayozunguka puani mwa ndege. Nilichonga mbili, zikakaguliwa pamoja, na ofisi haitamkubalia nyingine yoyote kwa maonyesho ya ndege ya Jumapili. Ya pili, niliyoipaka nyekundu kwenye ncha, iko chini ya kitanda hiki. Atakuja na uso wa msiba. Asiipate."

"Baba," akasema Matheka, mumewe Nthambi, "si afadhali tumwuzie?"

"Ndiyo maana sikupi wewe. Ukiitwa 'bwana' mara moja tu, unalegea. Mama Ndindi! Najua uko hapo nje. Wewe huna maneno mengi, hatapata pa kukushika. Ipasue, mama. Iwe kuni za matanga yangu. Mnizike Kangundo, na yule asisimame kusema chochote kaburini. Mungu awape... awape watoto wasiofagia kwa mtu. Nisogezeeni maji."

Hakuyamaliza yale maji.

Asubuhi Wanyoike alifika na mkate na sukari, tai nyeusi shingoni, akakalishwa kwenye benchi uani pamoja na waombolezaji. Alikunywa kikombe cha kwanza, akasifu chai. Cha pili kilipoisha, akamnong'oneza Nthambi, "Pole, mama. Mzee aliacha kibao fulani hapa. Ni changu hicho, nakihitaji leo leo."

Nthambi hakumtazama usoni. Aliinama, akasukuma kipande cha mwisho motoni chini ya sufuria, ncha yake bado ina rangi nyekundu, kisha akachukua kikombe cha mgeni, akamwongezea chai.