Samaki Mmoja Aliyebaki

Kwenye benchi la Ramadhan, muuza kahawa, hatua chache kutoka msikitini hapo mjini Machakos, hakuna jambo lililowahi kukosa mtaalamu. Jioni hiyo, saa kumi na nusu, kahawa ya tangawizi ikimiminwa, Muindi alifika na samaki mmoja ndani ya mfuko wa plastiki. Asubuhi walikuwa wawili, wabichi kutoka bwawa la Masinga. Yule wa kwanza alimchemsha kabla ya kumkaanga, kwa ushauri wa benchi hilo hilo. Sasa mkewe, Pauline, angetoka kazini Athi River na kufika nyumbani saa kumi na mbili. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu amzike mamake huko kwao Siaya, kando ya ziwa, na hakuwa amemaliza sahani hata moja. Nguo zilikuwa zimeanza kumpwaya. Muindi aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

— Mzee Batho, ile samaki yako imekuwa uji. Uji ya miiba.

Bartholomew, waliyemwita Sufuria kwa kuwa alipika shule ya bweni miaka ishirini, hakutikisika.

— Ulichemsha dakika ngapi?

— Ishirini.

— Aiii! Nilisema saa nzima. Nyama yoyote inachemshwa kwanza ndio ikaangwe. Uliona wapi mbuzi ikiingia mafuta mbichi?

— Mbuzi imezoea nchi kavu, akasema Kyalo, fundi wa redio, jina la benchi Waya. Hii imekaa kwa maji tangu izaliwe. Hayo maji huwezi maliza na jiko. Anika kwa kamba ya nguo mpaka kesho.

— Pauline anakuja leo, bwana.

— Basi weka nyuma ya TV. Huko kuna joto safi sana. Mimi hukausha soksi huko.

— Na paka?

— Paka nayo ni ya nani?

Sufuria akacheka kwa dharau.

— Mimi nilikaangia inspekta samaki. Unga ya ngano, juu yake unga ya wimbi, juu yake siagi, halafu unga tena. Ilikauka mpaka ikilia kama bati!

— Inspekta alikula?

— Hakurudi tena. Shule ilipita ukaguzi.

Ramadhan aliweka birika chini. Babu yake alitoka Lamu, na uvumilivu wake ulikuwa umefika mwisho.

— Muindi, nisikilize mimi. Mpanguse kwa kitambaa, ndani na nje. Mchanje mbavuni, umpake chumvi na ndimu, umwache robo saa. Mpanguse tena. Mafuta yapate moto sawasawa, umtie, kisha uondoe mikono yako. Usimguze mpaka aachie karai mwenyewe. Ugali ukiiva, naye ameiva.

— Hiyo tu?

— Hiyo tu.

Muindi akashusha pumzi. Alikuwa ameshasimama aende wakati Khadija, mke wa Ramadhan, alipofika na makaa, akauliza kuna nini, akaelezwa.

— Vizuri, shemeji. Na Pauline mwenyewe humpenda mkavu, ama wa mchuzi?

Wote wakamtazama Muindi.

Miaka kumi na mmoja ya ndoa. Muindi alijua chai anayopenda Pauline, na bega analolalia. Lakini samaki aliwahi kuletwa mara moja tu katika nyumba ile, mwaka wao wa kwanza. Pauline alimleta akiwa anaimba. Muindi akasema kwao hawali nyoka wa majini, harufu hiyo itoke. Pauline alimtoa samaki nje, na tangu siku hiyo akapika muthokoi, mahindi ya kukoboa ya kwao Muindi, na nyama bila kulalamika.

— Sijui, akasema Muindi.

— Si umwulize? akasema Khadija.

Alimchukua samaki wake akaenda nyumbani. Alimpangusa, akamchanja, akampaka chumvi na ndimu. Kisha akakaa mlangoni kumngoja mkewe, jiko akiwa hajaliwasha.