Mama Chilufya, Mkunga Aliyemshuku Kila Mtu Ila Mzazi

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, Mama Chilufya Madeleine, mkunga mkuu wa wodi yetu ya wazazi, anastaafu tarehe 30 Juni. Ndivyo uongozi ulivyobandika ukutani. Mimi binafsi siamini. Wiki iliyopita nilimkuta akipanga glavu za mwezi wa Agosti, na mtu anayeondoka Juni hana shughuli na glavu za Agosti. Hata hivyo nimeombwa niandike wasifu huu, nikaambiwa niseme mazuri tu, na hilo nalo limenitia wasiwasi. Anayekuambia useme mazuri tu kuna kitu anakijua.

Kwa wasionijua, mimi ni Clément Mbuyi, mtoa dawa ya usingizi katika chumba cha upasuaji. Nilianza kufanya kazi na Mama Chilufya nywele zangu zikiwa bado nyeusi. Kushuku nilikuja nako kidogo kutoka kwetu, kwake nimekusomea.

Alizaliwa Kasomeno, kwenye barabara ya kwenda Kasenga, katika nyumba ya wauza samaki wakavu. Anasema mtoto wa muuza samaki hujifunza mapema kufunua chini ya kapu, maana samaki wazuri hupangwa juu. Alikuja Lubumbashi kusomea ukunga, na tabia hiyo hakuiacha Kasomeno. Hufunua mashuka ambayo mfuaji ameapa ni safi. Saa ya ukutani haiamini, kwa hiyo huvaa saa mbili mkononi, nazo hazikubaliani. Mwanafunzi akimwambia kwamba njia imefunguka vizuri, humshukuru kwa heshima zote, halafu huvaa glavu na kwenda kupima mwenyewe.

Daktari wetu wa upasuaji, Stéphane Lombe, aliyaonja haya mapema. Mama Chilufya aliona kwamba Ijumaa mchana wanawake wengi hupasuliwa kuliko siku nyingine. Akaanza kusimama mlangoni na kumuuliza daktari, kwa ile sauti yake ya upole inayoudhi, kama mtoto amekwama kweli au ni daktari anayetaka kuwahi mapumziko. Daktari alikasirika hadi miwani ikaingia ukungu. Alimjibu kwamba vituo vidogo vya pembeni, mpaka vya upande wa Kipushi, huwashikilia wanawake wiki nzima na kuwaleta Ijumaa vinapoogopa kubaki nao. Mwingine angeomba radhi. Mama Chilufya alipanda gari akaenda kuhakikisha, akakuta ni kweli, akawagombeza huko huko mpaka wakaanza kuwaleta mapema. Jumatatu alimletea daktari vitumbua. Daktari naye alivinusa kwanza.

Kwa hiyo madaktari walidhani anauchukia upasuaji. Familia, kwa upande wao, zilidhani kinyume kabisa: kwamba anakula na madaktari na kuwauzia matumbo ya watu. Nimesikia yote mawili siku moja, kwenye korido moja, kutoka kwa watu waliokaa benchi moja. Ukweli ni kwamba hakuupenda wala hakuuchukia. Alisema upasuaji ni mlango wa dharura: nyumba isiyo nao ni hatari, na anayetokea humo kila siku bila sababu naye aulizwe ana nini.

Kazi yake kubwa, ile ambayo wageni kutoka mbali huja kuitazama, ni ziara za posho. Jumamosi tunaiita posho hapa kwetu, tangu enzi za kugawa chakula kwa wafanyakazi wa migodi. Siku hiyo, chumba cha upasuaji kikiwa hakina mgonjwa, Mama Chilufya aliwaingiza wajawazito pamoja na waume na mama wakwe zao. Aliwaonyesha taa, meza, visu, na mahali mtoto anapofutwa. Mama mkwe mmoja alichungulia chini ya meza akitafuta watoto wa kubadilishia. Mwingine alifungua kabati zote. Nililalamika, maana mle ndani ndimo ninamoweka vitu vyangu. Akaniambia niwaache wachungulie, kwani mtu akishachungulia mwenyewe hana tena cha kuja kusimuliwa na jirani.

Halafu aliwafundisha kuuliza. Mmeona nini? Tunaweza kungoja kidogo? Tukingoja, hatari iko wapi? Na mimba ijayo itakuwaje, nitapasuliwa tena au ninaweza kujaribu njia ya kawaida nikiwa hospitalini? Yeye aliigiza daktari mwenye haraka, akikunja uso na kutazama zile saa zake mbili, na mwanamke alipaswa kuuliza bila kutetemeka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Daktari Lombe aliwahi kujificha nyuma ya mlango ili aone anavyoigizwa, na alitoka akilalamika kwamba yeye hakunji uso namna ile. Anakunja.

Sasa niseme jambo ambalo katika sherehe halisemwi. Kwetu huku, uchungu ukikawia, wengi hawaulizi mtoto amekaaje tumboni. Wanauliza mama yake alilala na nani. Inaaminika kwamba mwanamke aliyetoka nje ya ndoa hafunguki mpaka amtaje huyo mwanamume. Basi mama mkwe na mashangazi hufunga mlango, na mwanamke ambaye mgongo unampasuka huulizwa majina. Akitaja na mtoto akatoka, imani imeshinda. Akitaja na mtoto asitoke, basi ametaja mmoja na kuficha wa pili. Na akipasuliwa, watu husema huyo ndiye aliyekataa kusema. Mama Chilufya amepigana na mlango huo uliofungwa maisha yake yote ya kazi.

Oktoba iliyopita alikuja Dorine, fundi wa kushona kutoka Katuba, mimba yake ya kwanza. Mumewe, Précieux, hufanya kazi ya mgodi upande wa Kinsevere na hukaa huko siku kadhaa bila kurudi. Mama mkwe wake, Mama Abigaël, alimsindikiza kila posho. Dorine aliuliza maswali yote, na mbele ya mama mkwe alisema kwamba ikibidi kupasuliwa atakubali. Mama Abigaël aliitikia papo hapo. Nilimwangalia nikasema moyoni: huyu ameitikia haraka mno.

Siku ya uchungu ilipofika, kichwa cha mtoto kiligoma kushuka, na adhuhuri moyo wake ukaanza kupiga kwa ulegevu. Mama Chilufya alikuwa ametoka kumtafutia damu mzazi mwingine. Daktari Lombe alisema Dorine aingie kupasuliwa mara moja. Mama Abigaël akakaa mlangoni. Alimpigia simu mwanawe kule mgodini na kumwambia asikubali kitu mpaka mke wake ataje jina. Wodini kwetu tulikuwa tumezoea kungoja neno la mume, na mume akasema tungoje. Daktari alichukua simu akamweleza, akamsihi, mwisho akapaza sauti, simu ikakatwa. Kule ndani mashangazi wa mumewe walikuwa wakimwuliza Dorine jina, na kumwuliza tena, na kumwuliza tena.

Dirishani ilisikika sauti ya dereva akimwita mlinzi wetu wa lango, Nono, amfungulie. Dorine akasema: Nono.

Mashangazi walishukuru Mungu. Mama Abigaël alijifunga kitenge vizuri akakaa kumngoja mjukuu. Mtoto hakutoka. Nono alikuwa ametajwa na mtoto alikuwa palepale, akizidi kuchoka, na tayari wameanza kuulizana nani ni wa pili.

Mama Chilufya alirudi akiwa bado na mkoba begani. Alishika tumbo, akasikiliza moyo wa mtoto, wala hakugombana na mtu. Aliwaambia tu wale mashangazi kwamba hapa haiko kanisa, anayetafuta zambi akamwone padri. Kisha akainama kwa Dorine.

“Dorine, tumbo hii iko ya nani?”

“Iko yangu.”

“Unasema nini?”

“Banipasule. Ni miye nasema.”

Akamgeukia daktari akamwambia kwamba kwake neno hilo linatosha. Na kwa daktari likatosha. Mama Abigaël alishika chuma cha kitanda kisisogee, na Mama Chilufya akambandua vidole polepole, kimoja baada ya kingine, bila kumtukana. Nilipokuwa namchoma Dorine sindano ya mgongo, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba huyo Nono hamjui hata sura, alisikia tu anaitwa dirishani, na alitaka wamwache. Muda mfupi baadaye alitoka mtoto wa kike. Alinyamaza kidogo, tukaogopa, halafu akalia kwa hasira ya mtu aliyecheleweshwa bure.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Nilichoambiwa mimi nilikiamini, lakini umbea wa korido ulikuwa umeshafika Katuba. Nono, babu wa wajukuu watano, aliposikia anatafutwa na mchimba madini alikimbilia kwa dada yake Kipushi, na kukimbia kwake kukaharibu zaidi. Lisemwalo lipo, watu walisema, na kama halipo laja. Précieux alifika wodini, akapita kitandani kwa mkewe, akauliza mlinzi yuko wapi. Hakumbeba mtoto. Alimtazama usoni, pua kwa pua, kama mtu anayekagua noti, kisha akasema Dorine akishapona arudi kwao na huyo mtoto.

Dorine aliporuhusiwa kutoka, Mama Chilufya alinichukua tukaenda nyumbani kwa Précieux, Katuba. Njiani aliniambia kwamba Dorine hamshuku, Nono hamshuku. Anayemshuku ni Mama Abigaël. Mwanamke huyo alikuwa ameshinda kila kitu alichotaka, akasema, sasa kwa nini hainui macho?

Tuliwakuta wote sebuleni. Dorine alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, kidonda bado kibichi, furushi lake limefungwa miguuni, anamngoja kaka yake aje kumchukua. Nilieleza yale niliyoambiwa na Dorine kwenye meza ya upasuaji. Précieux alinisikiliza kama anavyosikilizwa mtu aliyenunuliwa. Ndipo Mama Chilufya alipomuuliza Mama Abigaël swali moja, mbele ya mwanawe.

“Mama, siku ya kumuzala Précieux, ni nani alikufungia mulango?”

Mama Abigaël alivuta kitenge mpaka kikamfunika magoti. Précieux alicheka kidogo, kicheko cha kumtetea mama yake.

“Mama ya bwana yangu,” alisema Mama Abigaël. “Siku mbili. Nilitaja Chama, fundi ya baiskeli. Hata mukono yake sikuishikaka. Nilitaka tu bafungule.”

Sasa lazima mjue kitu ambacho nasi tulikijua pale pale, kutoka kinywani mwa Précieux. Marehemu baba yake alimwita tangu utotoni “wa baiskeli”. Hakumbeba, hakumpeleka popote, na alipompita uani alisema, wa baiskeli, ondoka njiani. Précieux alikuwa na miaka thelathini na siku zote aliamini aliitwa hivyo kwa sababu alizipenda baiskeli. Alimwuliza mama yake kama baba alijua kwamba ni uongo. Mama Abigaël akajibu kwamba alimwambia. Alimwambia mwaka hadi mwaka, mpaka kwenye kitanda alichofia. Hakuamini.

Précieux alikaa. Baadaye aliinuka akalifungua lile furushi, akarudisha nguo za mtoto kwenye kamba moja moja, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyethubutu. Kisha akamwomba Dorine mtoto. Alimwomba kwa adabu, kama mtu anayeomba kitu kisicho chake. Dorine alimtazama kwa muda mrefu kabla ya kumpa. Nami ningemtazama hivyo hivyo.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini sisi tumekuwa wepesi wa kumuuliza kila mtu isipokuwa huyo mzazi. Hilo ndilo Mama Chilufya alilolibadilisha hapa. Siku hizi wodini kwetu neno la kwanza linalosikilizwa ni la mwanamke aliye kitandani, na mume akiwa mbali huarifiwa, hangojwi. Wakunga vijana aliowalea wamesambaa mpaka Kasenga na Kipushi. Nono amerudi langoni. Mama Abigaël huja kila posho, husimama mbele ya mama wakwe wenzake na kuwasimulia habari za fundi Chama. Namwangalia bado. Sijamwona akiinamisha macho tena.

Mama Chilufya, kwa niaba ya wote uliowakagua, uliowagombeza na uliowaletea vitumbua, tunakushukuru. Ukale samaki wako Kasomeno kwa raha, ulale mpaka jua lipande, na yeyote atakayekuambia unazeeka umwombe uthibitisho. Mungu akupe miaka mingi yenye afya.

Jumapili iliyopita nilipita Katuba. Précieux alikuwa anatoka kanisani na binti yake amekaa mabegani, anamvuta masikio, na yeye anacheka. Mimi nisiyeamini kitu, hilo nililiamini.