Bwana Mahrous na Kisanduku cha Nne

Baada ya miaka kumi na sita kasoro siku tisa (siku hizo kazihesabu mwenyewe, msituulize sisi), Bwana Mahrous bin Marzouq wa Idara ya Wafanyakazi ya kampuni yetu, tawi la Ibra, anastaafu tarehe 30 Juni 1988.

Alikuja kwetu mwaka 1972 akitokea Dar es Salaam, ambako alifanya kazi miaka tisa katika ofisi ya kodi ya mapato, kwenye meza ya wenye aila, yaani familia, na wategemezi. Siku ya kwanza akaambiwa nchi hii haina kodi ya mapato. Inasemekana alifunga mkoba wake kama fundi cherehani aliyeambiwa hapa watu hawavai nguo. Ndipo kampuni ikamkabidhi fomu ya aila, ile inayoamua nani apewe nyumba, nani apewe kitanda, na mtoto wa nani atibiwe kliniki yetu. Akachangamka papo hapo.

Tangu hapo hakuna aliyesalimika. Ukienda kwake kuomba ruhusa ya siku mbili, utatoka umefundishwa maana ya mtegemezi: si kila unayempenda, ni yule anayekaa kwako, hana chake, na wewe ndiye unayemlisha. Dereva wetu Abdullatif alimwandika mama mkwe wake wa Bidiya kuwa mtegemezi wake. Bwana Mahrous akapanda gari kwenda kuhakikisha. Alirudi na kapu la tende na jawabu fupi: bibi yule ana shamba, ana zamu yake ya maji ya falaji, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, na kwa kweli yeye ndiye anayemlisha Abdullatif.

Lakini jambo la Bi Radhia hatulifanyii mzaha.

Mwaka 1979 Bi Radhia alikuwa mpokea simu wetu. Aliachwa na mumewe, na alikuwa akimtunza mama yake kipofu pamoja na mayatima watatu wa marehemu dada yake, wote wakikaa nyumbani kwake Sur. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu tu: mwenye mke, mwenye mume, peke yake. Akatiwa cha tatu, akapewa kitanda katika bweni la wanawake. Mtoto mdogo alikuwa na pumu, na kliniki haikumpokea.

“Ami Mahrous,” alisema, “mie nalea watu wanne. Hii karatasi yasema sina mtu.”

Bwana Mahrous alitumia likizo yake kwenda Sur mara tatu. Alileta hati ya kadhi na ushahidi wa majirani. Makao makuu yakarudisha barua zake saba, kila moja na jibu lile lile: mkuu wa nyumba ni mwanamume. Baada ya barua ya saba mtoto akazidiwa, akalazwa siku nne. Bwana Mahrous, ambaye hatujapata kumsikia akipaza sauti, akaenda makao makuu Maskati bila miadi, akasimama mbele ya mudiri, mkuu wa kampuni.

“Mudiri, nioneshe huyo mwanamume katika hiyo nyumba, nimwandike leo leo.”

Mudiri akaomba kalamu. Fomu ikapata kisanduku cha nne: mwenye kulea. Mwezi uliofuata Bi Radhia alihamia nyumba ya vyumba viwili hapa Ibra, na mama na watoto. Leo wafanyakazi kumi na tisa wamo katika kisanduku hicho. Wanne kati yao ni wanaume.

Sasa Bwana Mahrous na Bi Aliya, mkewe, wanahamia Nizwa kwa binti yao Khole, mwalimu. Tumepata habari kuwa Khole keshamwandika baba yake katika fomu ya skuli: mtegemezi. Mzee aliudhika, akaisoma fomu mara ya pili, akasahihisha herufi moja ya jina lake, kisha akatia saini.

Ahsante, Bwana Mahrous, kwa kila karatasi uliyoturudishia na kila mlango uliotufungulia. Mungu akupe afya na umri wenye raha, na Nizwa ikupokee kwa wema.